Utando Uliokatika Mbele ya Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa wanakuja watu wa kiwanda cha rangi kuona tando zetu za plastiki zikivutwa na mashine ya kupima uimara. Wa Oihana, mwenzangu wa maabara, umeshasifiwa. Wangu ukikatika mapema, basi mkataba wangu umekwisha. Sina wasiwasi. Nitatia udongo laini wa kuuimarisha. Oihana atakoma kuringa.

Jumanne, 4 Machi
Monoma, kimiminika cha kutengenezea plastiki, inatakiwa kudondoka mtungini masaa manne, polepole. Nilianza saa tatu. Lakini saa tano ni wakati wa kitafunio, hapa Donostia haukosi mtu, na Oihana alileta kimanda cha viazi. Nikaongeza kasi ya pampu, nikaenda. Kurudi, lateksi, rojo ninalolikausha kuwa utando, iliyotakiwa kuwa kama maziwa imeganda mabonge. Nimeuficha mtungi chini ya sinki. Nimeona haya hata kuuosha.

Jumatano, 5 Machi
Nikipika nyingine haitakauka kabla ya Ijumaa. Nimepata akili. Rafu ya Oihana ina tando mbili. Nimekata kipande cha mmoja, nikaandika jina langu. Papo hapo akaingia, akaniuliza hali ya mama. Nikamjibu kipande kikiwa mfukoni. Aibu. Ila ni kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi
Kilikatika kabla mgeni hajavaa miwani. Daktari Garbiñe, mkuu wetu, akauliza nilitia udongo au unga wa ngano. Wageni wakacheka. Oihana akakitazama kipande, kisha akanitazama. Kumbe niliiba ule wa kulinganishia, usio na udongo kabisa! Nilitamani ardhi inimeze. Naye, badala ya kunichongea, akasema labda udongo alionigawia ulikuwa na unyevu. Uongo mtupu, kwa ajili yangu. Nimepewa nafasi ya mwisho ya kupika upya Jumatatu.

Ngazini akaniambia, "Koldo, si ungeniomba tu, ndugu yangu?" Nimelia chooni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeapa. Masaa manne, sitoki. Pampu inadondosha taratibu. Oihana amechungulia, akasema kimanda kipo na ataniwekea kipande mpaka nimalize. Mtu mwema kiasi hicho! Kumngojesha ni kukosa adabu. Saa tano kasoro kumi. Nimeongeza kasi ya pampu kidogo tu, kwa heshima yake.