Askari wa Damu ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Nasema tena, hata akiwa na kivimbe shingoni, sijaona mwanamume mzuri kama mume wangu, fundi wangu wa nguo. Kivimbe nilikigundua mimi, nikimfunga kifungo cha kola. Ni saratani ya tezi ya shingo, hilo tunalijua. Tusilolijua ni kama ni ile ya polepole au ile kali. Keshokutwa atatolewa damu, zitazamwe chembe nyeupe, wale askari wa mwili. Daktari anasema wakiwa wamechachamaa, huenda saratani ni kali. Akasisitiza kwamba hiyo ni dalili moja tu kati ya nyingi. Mimi nikasikia askari tu. Basi wasichokozwe! Nimefunika cherehani yake kwa shuka, apumzike. Nimempigia mama mkwe, nikamwambia daktari amekataza wageni. Uongo, lakini mtamu. Mume nimebaki naye peke yangu.

Jumanne, 4 Juni
Maharage tena, anayapenda. Anatafuna taratibu, macho kafumba. Raha iliyoje! Kaacha nusu sahani, eti kashiba. Penzi linashibisha.

Jumatano, 5 Juni
Askari wako juu. Daktari amekunja uso, anataka vipimo zaidi. Nimejifungia bafuni na kufungulia bomba nisisikike nikilia. Ndoa ina miezi miwili tu. Fundi wangu akagonga, akauliza kama nafua nguo za mtaa mzima. Nikacheka huku nalia.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe kaingia bila hodi! Nikamkumbusha katazo la daktari. Akanipita kama kiti, akamshika mwanawe kidevu.

“Shavu hili nimelilea mimi, na limevimba. Fungua mdomo.”

Jino limepasuka, fizi imejaa usaha. Aling'ata jiwe kwenye maharage yangu wiki jana, akanyamaza. Nikamuuliza kwa nini.

“Unapika umefurahi sana,” akasema. “Ningekwambiaje?”

Jiwe lilinipita kwa sababu nilichagua maharage nikimtazama yeye. Mama mkwe akaniita bibi harusi kipofu. Tukakimbilia hospitali wote watatu. Kumbe jino bovu nalo huwachachamaza askari! Limeng'olewa. Damu itapimwa upya fizi ikipona.

Jumatatu, 17 Juni
Wametulia! Daktari ameyaweka majibu pamoja na picha za shingo, anaona inaelekea ni ile ya polepole. Upasuaji Alhamisi. Naogopa bado, ila leo nimekula. Fundi wangu kanibusu kwa pengo lake, nikakosa pumzi.

Mama mkwe amepiga simu. Anataka kuja kukaa kwetu amuuguze mwanawe. Nikamshukuru sana, kwa heshima zote. Nikamweleza kwamba, kwa bahati mbaya, safari hii daktari amekataza wageni kabisa, hasa wazazi, maana mgonjwa akiwaona atataka kuongea na shingo itakuwa na mshono. Nikamwambia asihangaike na safari, sisi wenyewe tutakwenda kumwona kabla mwezi haujaisha.