Mbegu Arobaini za Bi Mwanakheri

Jumatatu, 3 Novemba

Uenyekiti nimeupata. Bado kura tu! Kikundi chetu cha miche hapa Misugusugu kinachagua mwenyekiti tarehe ishirini na nne. Bi Mwanakheri wa Chole, kule Kisarawe, ametoa mbegu za mkorosho wake bora: arobaini kwangu, arobaini kwa mpinzani wangu Ponsiano. Atakayeotesha nyingi ndiye watakayempigia kura. Ponsiano anategemea kumwagilia. Masikini!

Mimi nina sayansi. Mpwa wangu Agape, anayesomea mimea chuoni, amenieleza habari za kiinitete, kile kimche kichanga ndani ya mbegu. Kikiumbwa hujitengenezea koti. Hutoa nje protini ndogo, nyama ya mbegu inayokizunguka huikata, kipande hurudi kupitia matundu ya koti kuarifu: bado pana tundu, ziba. Matundu yakiisha, ujumbe unakoma. Kimya maana yake koti limekamilika.

Aliongeza kwamba hayo yote huisha kabla mbegu haijakomaa. Hapo nilishaanza kupanga.

Jumanne, 4 Novemba

Korosho changa zimejaa ujumbe. Nitazitwanga, nizikamue, niloweke mbegu zangu. Zitapata amri ya koti mara mbili, zitaota zote! Mke wangu Kristina akauliza kama natwanga na maganda yake. Nikasema ndiyo. Akasema kila mtoto wa Pwani anajua utomvu wa ganda lile unaunguza. Nikamjibu kwamba mimi sikamui utomvu, nakamua protini.

Jumatano, 5 Novemba

Utomvu ulikuwemo. Viganja vyote malengelenge. Mdomo pia, maana nilionja. Kristina hakunicheka. Alikwenda kuchekea uani, nikamsikia. Mbegu zinanuka. Nadhani ndio ujumbe wenyewe.

Alhamisi, 20 Novemba

Ponsiano: miche thelathini na sita. Mimi: hakuna. Nimefukua mbegu tatu, zote uji. Imeniuma, sifichi. Bi Mwanakheri alizichagua moja moja kwa mkono wake, zilizoelea majini akazitupa.

Kristina amenishauri niende nikamwombe radhi. Ushauri mzuri, ila una haraka. Jalalani kuna miche ya embe imejiotea. Agape alishasema mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja. Nimeihamishia kwenye viriba vyangu, mifuko ya kuoteshea miche. Ukisimama mbali, huwezi kujua.

Jumatatu, 24 Novemba

Bi Mwanakheri hakusimama mbali. Alichuma jani, akalifikicha, akanusa, akaniuliza taratibu tangu lini mkorosho wake unazaa maembe. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alitazama viriba tu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Ponsiano kapata kura zote isipokuwa moja. Kristina naye kampigia! Anasema alinionya mapema kuhusu utomvu.

Jumanne, 25 Novemba

Tangu jana nimetuma maelezo kumi na manne kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwanzoni walijibu. Huyu akanionyesha kosa la utomvu, yule la maembe, Ponsiano akashauri nijaribu maji. Kila mmoja na tundu lake.

Kuanzia saa sita mchana, kimya. Nimeangalia: nimetolewa kundini.

Nikakumbuka maneno ya Agape. Ujumbe umekoma! Hawana tundu lingine la kunionyesha. Koti langu limekamilika.

Kesho nakwenda Chole kumwomba Bi Mwanakheri mbegu nyingine arobaini.