Wakfu wa Bwana Halali

Ofisi za manispaa zilikuwa na choo kimoja safi, kile cha wageni wa Mkurugenzi, na Bwana Halali alipita hapo kila asubuhi akiwa mgeni wa Mkurugenzi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Mtu mwenye kanzu iliyopigwa pasi, mkoba wa ngozi na uso wa mtu anayesubiriwa mahali huwa haulizwi. Ndani ya mkoba mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita na kitana.

Jina hilo alipewa na mtaa, wala hawakumpa kwa kumsifu. Kila jambo lenye harufu mbaya, yeye alikuwa na maneno ya kulifukizia udi. Riba kwake iliitwa ushirikiano. Rushwa iliitwa kutambua mchango. Aliwahi kumuuzia mtu pikipiki ya wizi kwa kumweleza kwamba ni kitu kilichookotwa, na kwamba mwokotaji ana haki zake katika sheria. Mnunuzi aliondoka amejaa elimu tele, akabaki nayo mpaka polisi walipomsimamisha.

Asubuhi hiyo, akitoka chooni huku akijifuta mikono, aliona tangazo jipya ukutani. Manispaa ilikuwa imeaibika mwaka huo, maana shule zake ziliuziwa maharage ambayo nusu yake ni mawe. Kama ilivyo desturi ya utawala wa kisasa, waliokula fedha ndio waliokaa kikao kutafuta dawa, na dawa waliyoipata ilikuwa karatasi. Kuanzia sasa, tangazo lilisema, zabuni za chakula cha shule na hospitali watapewa wafanyabiashara wenye cheti cha uadilifu, kilichotolewa na chombo huru cha kidini kinachotambuliwa na Afisa Maadili.

Bwana Halali alilisoma tena polepole. Chombo chenyewe hakikuwapo. Alishangaa kidogo kuona mji mzima umekaa ukimsubiri yeye, naye yuko chooni.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenye Ghala, tajiri wa sukari, wakati sukari ilikuwa imepotea madukani na watoto wanakunywa uji mtupu.

"Sukari imeadimika, tajiri," alisema Halali, akikaa juu ya gunia la sukari.

"Imeadimika sana," alijibu Mwenye Ghala, aliyekuwa amekalia jingine. "Hata sisi hatuelewi imekwenda wapi."

"Watu wana midomo. Wanasema kuhodhi chakula ili bei ipande ni haramu, na sheria haina mjadala hapo."

"Mimi sihodhi. Naihifadhi isiharibike."

"Maneno mazuri hayo. Ila zabuni ya sukari ya hospitali haitaki maneno, inataka cheti. Cheti kinachosema huhodhi."

Mwenye Ghala alimtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kusikia bei baada ya sifa. "Kinatolewa na nani?"

"Bodi ya Biashara Safi."

"Na mwenyekiti wake?"

Bwana Halali aliinamisha kichwa. "Nilikataa sana," alisema. "Wakanilazimisha."

Hawakutaja malipo hata mara moja, maana Bodi ilikuwa haipokei malipo, ilikuwa inapokea sadaka. Mwenye Ghala aliuliza sadaka hiyo inaanzia kiasi gani, akatajiwa, akaguna, akakubali. Wiki haikuisha kabla wenzake wa mchele, wa mafuta na wa unga hawajaomba nao wapigwe msasa.

Kikwazo kilikuwa Afisa Maadili. Nyuma ya kiti chake palikuwa na bango kubwa lililosema HAPA HATUPOKEI RUSHWA, na chini ya bango droo ya meza ilikuwa imefunguliwa kidogo, upana wa bahasha.

"Bodi ya mkobani siwezi kuitambua," alisema Afisa. "Lazima iwe na wakfu. Nyumba itolewe hadharani, mbele ya Imamu na mashahidi. Na mwenyekiti asiwe ndiye msimamizi wa wakfu. Huo ndio utawala bora."

"Nimekuelewa, mheshimiwa. Na hii droo?"

"Siku ya uzinduzi," alisema Afisa, akaisukuma kwa goti ikafungwa.

Sasa, Bwana Halali alikuwa na nyumba. Au tuseme alikuwa akikaa ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Ilikuwa na vyumba sita, na aliiacha baba yao. Nasema yao kwa makusudi, kwa sababu marehemu aliacha watoto wawili: yeye Halali, na dada yake mkubwa aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kwa hesabu ya mirathi ambayo hata mtoto wa madrasa anaijua, mafungu mawili yalikuwa ya kaka na moja la dada. Halali aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtoto wa madrasa, ndiyo maana alikuwa hajaifanya. Alikaa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, akikusanya kodi za wapangaji. Dada, fundi cherehani, alishonea chumba cha mwisho kabisa nyuma, ambako taa iliwashwa hata mchana na wateja walifika kwa kupapasa ukuta. Macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Kila alipouliza fungu lake, alijibiwa, "Mambo yakitulia, dada." Mambo yalikuwa hayajatulia tangu siku ya mazishi.

"Dada, nishonee joho la mwenyekiti," Halali alimwambia jioni hiyo. "Ndani uniwekee mifuko miwili mirefu, ifike nyongani."

"Mwenyekiti anaweka nini humo?"

"Majukumu."

Dada alichukua vipimo. Halali, ambaye hakuwahi kuweza kufanya ujanja bila kutafuta wa kumsifu, akaanza kueleza.

"Ijumaa naiweka nyumba hii wakfu."

Mikono ya dada ilisimama. "Nyumba hii? Na fungu langu?"

"Hapo ndipo penye utamu. Nikishakusanya sadaka za matajiri, wewe unakwenda kwa Imamu unalia kidogo. Unamwambia nyumba ni ya mirathi, haijagawanywa, na mdogo wako katoa kisicho chake peke yake. Wakfu unavunjika, Bodi inavunjika, fedha zimeshatembea. Mtu mwenye akili, dada, huacha mlango wa nyuma."

"Na mlango wenyewe ni upi?"

"Wewe."

Dada alibana pini midomoni na kuzunguka upande wa mgongo. "Kwa hiyo siku hiyo utakiri mbele za watu kwamba nina fungu?"

"Nitakiri kwa machozi."

"Halafu utanipa?"

"Mambo yakitulia."

Aliumia, na asingeumia vipi. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimpulizia uji ili upoe. Lakini alimaliza kwanza kupima mabega.

"Simama wima, mdogo wangu, utachomwa. Na msimamizi umemweka nani?"

"Nimekuweka wewe. Wanataka mtu mwenye jina safi asiyeuliza maswali."

Ijumaa baada ya swala, turubai lilifungwa mbele ya nyumba, viti vya kukodi vikapangwa na kipaza sauti kikalia mpaka masikio yakawasha. Matajiri walikaa safu ya mbele, bahasha zikiwa zimetuna mapajani mwao. Afisa Maadili alikaa karibu na njia ya kutokea. Joho jipya lilimkaa Halali kwa namna iliyowafanya hata waliomjua wajiulize kama kweli wanamjua.

Alihutubia. Alizungumzia mizani ya haki, jasho la mnyonge na uwazi katika taasisi. Alilaani wanaohodhi, na Mwenye Ghala akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akatamka kwamba nyumba yake anaitoa wakfu, mapato yake yawe ya wajane na mayatima wa mtaa, chini ya Bodi ya Biashara Safi.

Imamu, mzee mpole aliyekuwa na tabia mbaya ya kuamini anachoambiwa, alimsogelea. "Unatoa kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Unajua wakfu hauuzwi, haurithiwi, na haukurudii?"

"Haunirudii," alisema Halali, na chozi likamtoka. Lile chozi lilikuwa kazi yake bora kuliko zote, na nadhani alilionea fahari.

Hapo dada yake akasimama.

"Imamu, nina neno dogo."

Halali alishtuka. Zamu ya dada ilikuwa wiki ijayo, baada ya bahasha. Alimkonyeza. Dada alimwangalia jicho hilo kwa huruma, kana kwamba limeingia mdudu, akaendelea.

"Nyumba hii ni mirathi yetu sote wawili. Vyumba sita. Viwili ni vyangu."

Imamu akamgeukia Halali. "Ni kweli haya?"

Bwana Halali alipiga hesabu haraka. Akikana, mtaa mzima ulimjua baba yake, na mlango wa nyuma ungezibwa milele. Akikubali sasa, bahasha zingeondoka na wenyewe. "Ni kweli," alisema taratibu, "ila haya ni ya kifamilia, tutayazungumza mambo yaki—"

"Basi wakfu umevunjika?" aliuliza Afisa Maadili, akisimama. Droo yake ilikuwa ikimsubiri ofisini.

"Haujavunjika," alisema dada. "Tugawane hapa hapa, mashahidi si hawa? Mimi nachukua viwili vya mbele. Vinne vya nyuma ni vya mdogo wangu, naye ameshavitoa, Mungu amlipe. Au mwenyekiti wa uadilifu anaona uzito kumpa dada yake haki yake?"

Watu wote walimgeukia. Halali alikuwa ameponyoka mikononi mwa polisi, wadai na wakwe wawili, lakini kila upenyo alioutazama sasa ulipita juu ya zile bahasha.

"Nimeridhia," alisema.

"Mashallah," alisema Imamu, macho yakimlengalenga. "Sasa rudia tamko lako, kwa vyumba vyako vinne, lisibaki shaka."

Akarudia. Safari hii chozi lilikuwa la kweli, na watu walisema lile la kwanza lilipendeza zaidi.

Alijipa moyo. Nyumba imekwenda, sawa, lakini sadaka zinakuja, na sadaka zingeweza kununua nyumba nyingine mbali kabisa na hapa. Mwenye Ghala alipanda jukwaani, akapokea cheti, akampa bahasha nono. Halali akaingiza mkono ndani ya joho. Vidole viligonga kitambaa. Akajaribu upande wa pili. Mdomo wa mfuko ulikuwa umeshonwa mara mbili, kwa uzi imara na mkono wa mtu asiye na haraka. Alisimama mbele ya kipaza sauti akijikwaruza mbavu, bahasha mkononi, tabasamu likimkauka.

"Huku, mwenyekiti," alisema dada. Alikuwa ameshika sanduku la bati lenye kufuli, limeandikwa WAKFU, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Msimamizi ndiye anayeshika mali, mwenyekiti hashiki. Ndio utawala bora, Afisa mwenyewe alisema.

Bahasha ikaingia. Watu walipiga makofi, maana walikuwa hawajawahi kuona kiongozi anayetia fedha mahali ambapo hawezi kuzitoa. Zikafuata za mchele, za mafuta, za unga. Moja ilikuwa na alama ndogo ya kalamu pembeni, iliyotengwa kwa ajili ya Afisa Maadili, naye aliitazama ikizama akishindwa hata kukohoa, kwa kuwa yeye ndiye maadili yenyewe.

Imamu, aliyefurahi kupita kiasi, alichukua kipaza sauti na kuusomea mtaa cheti cha Mwenye Ghala: kwamba huyu bwana hahodhi, na ghala lake li wazi kwa kila mwananchi kwa bei ya siku zote. Kesho yake alfajiri kinamama walikuwa wamejipanga mlangoni na ndoo. Mwenye Ghala aliwaambia sukari hakuna. Wakamwambia asijivunjie heshima, wamesikia cheti kikisomwa. Kufikia adhuhuri alikuwa amekalia gunia tupu.

Halali alimfuata Imamu msikitini akiwa na hoja tatu za kisheria. Imamu alizisikiliza zote kwa furaha.

"Ungekuwa na haki," alisema, "kama dada yako asingepewa fungu lake. Lakini ulimpa, mwanangu, wewe mwenyewe, mbele yetu. Sasa habari za vyumba muulize msimamizi."

Msimamizi alikuwa chumba cha mbele, cherehani chini ya dirisha, mwanga wa barabara ukimwagika juu ya kitambaa na wateja wawili wakisubiri mlangoni. Sheria inampa msimamizi wa wakfu ujira wa haki, naye, kwa uadilifu, alikuwa ameuchukua. Virago vya Halali vilikuwa vimepangwa vizuri ukumbini.

"Dada, ule wakfu ulikuwa njia tu ya kupata fedha," alisema.

"Najua, mdogo wangu. Na mimi nimepita humo humo."

"Nitalala wapi?"

"Kipo chumba cha mwisho nyuma. Ni cha wakfu, kwa hiyo kodi ni ya mayatima, sina ruhusa ya kusamehe. Wapangaji wanalipa mwezi mmoja mbele."

Halali alitazama ukumbi kuelekea nyuma. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo dada alikuwa hajaisikia tangu mdogo wake alipokuwa mtoto, akasema, "Mle ndani hakuna mwanga."

"Najua," alisema dada, na safari hii hakuwa anatania. Alikata uzi kwa meno, akanyoosha mkono. "Lete joho nikufungulie ile mifuko."

"Ya nini sasa?"

"Utaweka ufunguo wa chumba. Ukishalipa."