Kiunganishi Changu Kisichoachia

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza vita, ingawa yeye kaiita jaribio. Viunganishi viwili: changu na cha Spiriti. Kimoja kitaendelea, kingine kinaishia kabatini. Miaka mitatu ya jasho langu! Spiriti ni mwenzangu wa meza ya pili, anayefuta meza kwa spiriti kila nusu saa mpaka mikono imempauka.

Mke wangu kauliza kiunganishi ni kitu gani hasa. Nikamweleza: kingamwili inaijua njia ya kwenda kwenye saratani, inabeba sumu, na kiunganishi ndicho kinachoishika sumu isidondoke njiani kwenye damu. Ikishaingia ndani ya seli ya saratani, hapo ndipo kiachie. Akasema kumbe miaka yote hii natengeneza kamba.

Jumanne, 4 Machi
Vichupa sita vya dawa na plazma ya damu, vitatu vyangu na vitatu vya Spiriti, vimeingia kabati la joto. Nyuzi thelathini na saba, siku sita, halafu tunapima sumu iliyodondoka. Profesa ameandika namba badala ya majina, na siri iko kwenye daftari lake. Eti tusipendelee. Kwani mimi mpendeleaji?

Nimevichungulia. Vitatu vina matone shingoni. Vitatu ni safi kabisa: mbili, nne na sita. Vile safi ni vyangu, hilo halina mjadala. Mimi ni mtu wa nidhamu.

Mchana, wote wakiwa kikaoni, nimevifunga kwa foili na kuvificha kwenye friji. Kwenye baridi hakuna kinachodondoka. Kabatini nimeacha vitatu vya maji vyenye namba zilezile. Roho kwatu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Spiriti kaamua kusafisha friji. Nani kamtuma? Nilisimama mlangoni. Akatoa kila kitu, akalifuta furushi langu la foili, akalirudisha nyuma kabisa. Akasema kuna mtu kaweka sampuli zake vibaya, zilikuwa karibu kuanguka, watu hawajali kazi zao. Nikamwambia ni kweli, inasikitisha.

Jumamosi, 8 Machi
Dada yangu mkubwa kaja kutoka kliniki. Dripu ya tatu. Nywele zimekwisha, na bado anamtania wifi yake kwamba sasa yeye hamhitaji msusi. Anasema dawa anayopewa inampiga yeye na ugonjwa kwa pamoja, haichagui. Akauliza yetu itafika lini kwa watu. Nikamwambia bado miaka, lakini changu hakiachii njiani. Aliniamini papo hapo. Bora angenibishia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewahi kufika, nikarudisha vichupa kabatini na kuvitoa vile vya maji. Saa nne, matokeo. Mbili, nne na sita: sumu iliyodondoka karibu sifuri. Moja, tatu na tano: asilimia nne. Nikasimama, nikawashukuru wote, nikampa Spiriti pole ya kutoka moyoni.

Profesa akafungua daftari. Mbili, nne na sita ni vya Spiriti.

Nikakaa. Nimejipalia makaa mwenyewe! Changu kimestahimili joto siku sita na kupoteza asilimia nne tu. Hakuna aliyewahi kufika hapo kwenye maabara hii. Na cha Spiriti, kinachomwaga robo ya sumu kila kikipimwa, ndicho kinachoendelea. Hata yeye mwenyewe alishangaa.

Jumanne, 11 Machi
Namuwaza dada. Sumu hiyo ikimwagika kwenye damu ya mtu kama yeye, nitamtazamaje usoni? Naogopa, nasema wazi.

Basi nikaandika barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, kwamba vichupa fulani vilikaa kwenye friji. Nikaipenyeza chini ya mlango wa Profesa. Dakika kumi baadaye akaniita. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya fomu yangu ya likizo.

Hakupaza sauti. Alisema jaribio linarudiwa, barua ya onyo inakuja, na kwamba ningetulia tu bila kufanya lolote ningeshinda. Nimelia kidogo chooni.

Jumatano, 12 Machi
Nimebadilika. Asubuhi nimejaza vichupa vyangu polepole, sikumwaga hata tone. Spiriti alijaza vyake kwa hasira, akivigongagonga mezani. Profesa akaandika namba mpya, akaniapisha mbele ya wote nisiguse vichupa vyangu hata kwa kidole. Nimeapa. Dada nimempigia nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nikae mbali na hilo kabati.

Mchana wametoka, nikachungulia tu. Vitatu safi, vitatu vina matone. Safari hii sidanganyiki: safi ni vya Spiriti. Vyangu sijavigusa, kiapo ni kiapo. Vile safi nimevisogeza rafu ya juu, penye joto kali zaidi, maana vya Spiriti hakuna aliyevitaja.