Vita vya Ladislaus na Digrii Tisini na Saba

Sogeeni, enyi wa Mkunya na Makote, enyi wa Chidya mliosoma na ninyi wa Masasi mnaodhani mmesoma. Lazeni jembe chini, mwache muhogo ukauke wenyewe juani, mtege masikio. Wengine wameimbiwa majemadari waliovuka mito na kuteketeza miji. Hapa hakuna mto wa kuvuka, kwa maana uwanda wa Newala ulinyimwa mito tangu kuumbwa kwake, wala hakuna mji wa kuteketeza, kwa maana soko huria lilikwisha kutangulia. Ipo habari ya Ladislaus mwana wa Benedikto, katibu wa kikundi cha wakulima wa korosho cha Mkunya, mjuzi wa Linux asiye na mwalimu, na siku mbili alizopigana na kipimajoto kilicho kidogo kuliko punje ya ulezi.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa elfu mbili na saba, majira ambayo baridi ya uwandani huwavisha wazee makoti mawili mawili, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, huanza kuyapaka maua ya mikorosho kama jivu. Dawa ya ubwiri ni salfa, na ua lisilopata salfa halizai korosho, huzaa majuto. Zamani chama cha ushirika ndicho kilicholeta salfa, na kila mtu alijua wa kumlaumu. Kisha chama kikafa, kikabaki ukuta na ubao wa jina. Likaja soko huria likasema kila mtu yuko huru, na kweli tukawa huru, hata salfa tuliikosa kwa uhuru kamili.

Mwaka huo wakala mmoja wa Masasi alituma neno kwamba lori lake lingefika Mkunya siku ya Alhamisi, saa sita mchana, na kwamba mifuko ingegawiwa kwa wale tu ambao majina yao yamo katika orodha iliyochapwa kwa mashine. Maandishi ya mkono aliyakataa, kwa sababu mwaka uliotangulia orodha ya mkono ilitoka Mkunya na watu mia mbili ikafika Masasi na mia mbili na sitini, wote wazima.

Orodha mpya ilikuwa na majina mia mbili na kumi na manne, yaliyopangwa kwa herufi, na jina la mwisho kabisa lilikuwa Zuhra binti Mujibu, mjane mwenye mikorosho arobaini aliyoipanda mwenyewe. Katika orodha ya zamani mikorosho hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe; na kabla udongo wa kaburi haujakauka, Husseni, ndugu wa marehemu na mwenyekiti wa kikundi, aliikata kwa kalamu yake na kuiandika chini ya jina lake mwenyewe. Mkutano wa kijiji wa mwezi wa Mei ukamrudishia Zuhra mali yake. Uamuzi huo uliandikwa mahali pamoja tu chini ya jua, napo ni ndani ya kompyuta, kwa mkono wa Ladislaus. Kompyuta ikifa, na mkutano nao umekufa.

Sasa ijulikane silaha yenyewe. Ilikuwa laptopu nzee iliyoachwa na kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea, mtu mwenye nywele ndefu na imani fupi katika vitu vya kununua. Ndiye aliyeitia Linux, programu ya kuiendesha mashine, kwa kuwa ni ya bure, akaacha na kitabu kinene kama tofali. Ladislaus alikisoma mara tatu, na mara ya tatu alielewa. Tangu hapo hakupita sokoni ila kwa kifua mbele, na aliyemsalimu bila kuuliza habari za mashine alijibiwa kwa kichwa tu.

Mashine hiyo ilikaa ofisini, katika chumba kilekile kilichokuwa ghala la salfa, na ilikaa kwa heshima. Chini iliwekewa mto wa sufi. Juu ilivishwa kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono ya Priska, mke wa mweka hazina Cecil, kwa maana kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio haiachwi, seti ya vikombe haiachwi, seuze kompyuta. Na Julai ilipoingia, wakaiongezea kanga iliyokunjwa mara mbili, isishikwe na kifua.

Jumatano asubuhi jenereta ikanguruma kama ngoma ya vita, mbuzi wakakimbia, na Ladislaus akaketi mbele ya kioo. Alikunja ncha ya kitambaa kiasi cha kuzipata herufi, akafungua orodha, akatoa amri ya kuchapa. Printa, kiumbe mzito wa mwendo, ikaanza kutema majina: kina Abdala, kina Anjelina, kina Benedikto, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu, ambao mstari wake wa mwisho ulisomeka Ladislaus Benedikto. Hapo kioo kikawa cheusi. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe, bila kuaga.

Akaiwasha tena, ikazima kabla orodha haijafunguka. Mara ya tatu hakugusa orodha. Aliandika neno moja tu, sensors, amri ya kuviita vipimajoto vya ndani vitoe ushahidi, na mashahidi wawili wakasimama. Wa kwanza alisema bongo la mashine lina joto la digrii tisini na saba. Wa pili alisema baridi ya digrii mia moja ishirini na nane chini ya sifuri.

Ladislaus alisimama, akajikohoza, akakihutubia kioo mbele ya Husseni na Cecil.

"Ewe kipimajoto wa kwanza, nje wanaume wamevaa makoti, umande haujaondoka majanini, nawe wasema tisini na saba, joto la kuivisha chai. Umeharibika, na kwa sababu yako mashine nzima inazimwa bure. Kuanzia sasa nitakushughulikia wewe, si mashine."

Akakishughulikia. Mchana kutwa, kwa vipindi vya dakika tano tano za uhai, aliiamuru kompyuta ivitafute vipimajoto upya, nayo ikamuuliza maswali arobaini kwa Kiingereza, na yote aliyajibu ndiyo, kama mtu anavyomjibu mkwewe. Mwisho wa maswali mashahidi walikuwa walewale wawili, na maneno yao yaleyale.

Ndipo Cecil akaomba nafasi. Cecil alikuwa mpimaji wa korosho wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili, na hekima ya mizani ilikuwa haijamtoka. Akaeleza kwamba ghalani, mizani mbili zikibishana juu ya gunia moja, mpimaji mwaminifu hakuchukua ya kwanza wala ya pili. Alichukua ya katikati, mkulima akanung'unika, kazi ikaendelea. Akatoa kalamu, akajumlisha, akagawa kwa mbili, akapiga mstari chini.

"Digrii kumi na tano na nusu chini ya sifuri," akanena. "Mashine ina baridi."

Msicheke, enyi wasikilizaji. Takwimu nyingi mnazosomewa redioni zina baba huyohuyo. Husseni aliupokea uamuzi kwa furaha, akavua kabuti lake la nje, akaifunika mashine pamoja na kitambaa na kanga. Kisha akatoa pendekezo kwa sauti ya upole. Kurasa tatu zilikwisha kuchapwa, na kurasa tatu si haba. Zilizobaki zingepigwa taipu Newala mjini asubuhi ya kesho yake, kwa kunakili orodha ya zamani. Ladislaus alipouliza kuhusu yale mkutano uliyoyabadilisha, Husseni alijibu kwamba kumbukumbu si waraka.

Na hapa pana doa ambalo mwandishi wa habari za mashujaa angelifuta, lakini hapa halifutwi. Ladislaus alizitazama kurasa tatu. Cecil alikuwa katika ukurasa wa kwanza. Husseni alikuwa katika wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho wa tatu, herufi zake zimekaa vizuri, wino umekauka. Kamati nzima ilikwisha kuokoka. Waliobaki nje ni kina Mussa, kina Oliva, kina Veridiana, na yule wa chini kabisa. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, shujaa wetu alitamani kwenda nyumbani. Kisha akaona haya, akasema atajaribu hadi asubuhi ya Alhamisi saa nne, na baada ya hapo mwenyekiti apande baiskeli aende anakotaka.

Alhamisi ilipopambazuka, petroli iliyobaki ilijaa chupa moja ya soda. Ladislaus akawasha: mashine iliishi dakika tatu. Akawasha tena: dakika mbili. Kila pigano lilikuwa fupi kuliko lililotangulia, na kipimajoto mwongo kilikuwa kikipanda upesi zaidi, tisini na saba, tisini na tisa, kama mtu anayepaza sauti kwa kuwa hasikilizwi. Husseni alikwisha kuitoa baiskeli ukutani.

Saa tatu na nusu Zuhra akaingia, miguu ina vumbi jekundu la njia ya shamba.

"Shikamoo, Mama Sikudhani," akasema Ladislaus.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuliona jina langu."

"Limo ndani."

"Ndani wapi?"

Ladislaus akamweleza. Alimweleza habari ya bongo la mashine, ya mashahidi wawili, ya maswali arobaini, ya kipimajoto kilichopotoka tabia na jinsi Linux inavyokitii kwa upumbavu wa utii. Hotuba nzuri, yenye mwanzo na kati. Zuhra aliisikiliza kama mwanamke anavyomsikiliza mume anayeeleza kwa nini paa bado linavuja. Na wakati mwisho wa hotuba ukiwa bado njiani, alipenyeza kiganja chini ya kabuti, chini ya kanga, kati ya mashine na mto, akakitoa upesi.

"Ladislaus, hii inaungua."

"Mama, ndivyo kipimajoto kinavyodai, nacho ni kibovu."

"Mimi sikusoma kipimajoto. Nimegusa. Humu mna wanaume watatu, mikono sita. Haukupatikana hata mmoja wa kugusa?"

Cecil akaeleza kwa heshima kwamba suala hilo lilikwisha kupimwa, kwamba hesabu ipo na imepigiwa mstari.

"Basi weka mkono wako hapo, Baba Isabela, utuonyeshe hiyo baridi."

Cecil akaweka mkono, na akautoa kwa kasi ambayo chama cha ushirika hakikupata kuiona kwake kwa miaka ishirini na miwili.

"Shemeji," akasema Husseni, mkono mmoja ungali kwenye usukani wa baiskeli, "haya ni mambo ya kitaalamu."

"Hata chungu kina utaalamu, shemeji. Ila sijaona kikivishwa koti kikiwa mekoni."

Hapo Ladislaus akaona yote kwa mara moja, na aliyoyaona yalikuwa machungu. Mashine ilikuwa inaungua kweli. Shahidi mmoja tu ndani yake alikuwa ameisema kweli tangu Jumatano asubuhi, na kwa kuisema aliitwa mwongo, akahojiwa kutwa nzima, akachanganywa na mpuuzi aliyesema baridi ya mia moja ishirini na nane, mpaka kweli na upuuzi vikazaa uamuzi wa kamati. Mambo hayo hutendeka katika ofisi kubwa kuliko ile, na huko hakuna anayeingiza kiganja.

Kwa kijana mwenye kifua kile, kusema neno moja mbele ya watu watatu kulikuwa kuzito kuliko kubeba gunia. Akalisema hata hivyo.

"Kipimajoto ni kizima. Mbovu nilikuwa mimi."

Kisha akaivua mashine mavazi yake, kama askari anavyovuliwa deraya baada ya kushindwa: kabuti likaenda, kanga ikaenda, kitambaa cha Priska kikakunjwa kwa adabu, mto wa sufi ukatupwa pembeni. Akaigeuza chali. Na tazama, pale tumboni palipo na tundu la kuvutia hewa, na ubavuni palipo na tundu la kuitolea, palikuwa pamezibwa kwa unga wa manjano uliogandamana kama ugali wa jana. Salfa iliyoliokoa ua la mkorosho ilikuwa imeikaba mashine koo.

Akashika bisibisi kwa mkono wa kulia na unyoya wa kuku kwa wa kushoto. Akalegeza skrubu saba, akazipanga juu ya karatasi ili zisipotee, akalifikia feni dogo, akalichokonoa jino kwa jino kwa ule unyoya, na palipokaidi akapuliza kwa pumzi yake mwenyewe. Salfa ikamrudia usoni. Machozi yakamtiririka, kope zikawa za manjano, akapiga chafya mfululizo, wala hakuliachia feni. Nani kati ya majemadari wenu alipigana akilia namna ile?

Matone ya mwisho ya petroli yakamiminwa. Jenereta ikanguruma, mashine ikaamka juu ya meza tupu, uchi kama siku iliyozaliwa kiwandani, na feni likasikika likivuma. Ladislaus akaandika amri yake. Themanini na moja, kikasema kipimajoto cha kwanza. Kisha sitini na sita. Kisha hamsini na nane, kikatulia hapo. Cha pili kilisimama palepale kwenye baridi yake ya mia moja ishirini na nane, bila aibu, kama kiongozi aliyesahauliwa kitini.

Printa ikatema ukurasa wa nne, ikatema wa tano. Honi ya lori ikasikika kutoka njia ya Newala, robo saa kabla ya wakati, jambo lisilotabiriwa na yeyote. Ukurasa wa sita ulikuwa unatoka mstari kwa mstari jenereta ilipoanza kukohoa, na watu wanne wakaitazama karatasi ile wasipumue: Sophia, Tabia, Veridiana, Yusta. Jenereta ikazima. Karatasi ilikuwa nje ya printa, na mstari wake wa chini ulisomeka Zuhra binti Mujibu, mikorosho arobaini.

Wakala akaisoma orodha kwa sauti akiwa amesimama juu ya tela, na majina yalipokwisha kabisa, Zuhra akasogea, akatia kidole wino, akasaini, akajitwika mfuko wa kwanza na kuurudia wa pili. Husseni aliirudisha baiskeli ukutani.

Basi na ijulikane toka Makote hadi Masasi, na ifundishwe palipo na ubao na chaki, kwamba Alhamisi ile, juu ya meza moja Mkunya, digrii thelathini na tisa zilitekwa kwa unyoya wa kuku, na mikorosho arobaini ikarudi kwa aliyeipanda. Wapo wafalme walioingia vitabuni kwa machache kuliko hayo.

Alasiri kamati iliketi kuandika muhtasari. Husseni, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kumrudia, aliagiza iandikwe kwamba kamati, kwa kauli moja na kwa utaalamu, iligundua na kuondoa tatizo la joto. Cecil akaunga mkono. Ladislaus, macho yakiwa bado mekundu kwa salfa, akashika kalamu ya katibu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukauke, akagonga muhuri. Muhtasari huo umo katika jalada la kikundi hadi leo, nao unasema hivi: "Joto la mashine liligunduliwa na kiganja cha Zuhra binti Mujibu. Kamati ilikuwepo."