Joto la Baba Lisipotee Bure

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Gesi imeisha kabla ya wakati tena. Mama aliutikisa mtungi, akauinamisha, akauweka chini. Akaenda kuubadilisha. Aliporudi ndipo akasema. Mwezi huu hatufiki. Mshahara wa Baba wa kulinda ghala unaishia kwenye kodi, wake wa kupiga pasi kwa dobi unaishia tumboni, na tangu nimalize shule nipo nyumbani kutwa, nakula mchana pia. Shangazi ananitaka nikakae kwake, nimsaidie dukani. Anauza ndoo na mabeseni. Kazi yenyewe ni kusimama mlangoni na kuita wateja.

Kuita wateja. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa naitikia jina langu na bado mwalimu ananiandika sipo.

Nikaomba wiki moja. Nikasema nitabana matumizi ya nyumba mpaka chakula changu kijilipe chenyewe. Mama alinifanya nirudie kwa sababu hakusikia. Kisha akanitazama kama mtu anavyotazama paa linalovuja. Akasema haya, Shangazi anakuja Jumapili, tutaona.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Maharage ndiyo yanayotumaliza. Yanachemka asubuhi nzima, gesi inateketea. Lakini sufuria ikishachemka vizuri, ukaizima na kuifunga ndani ya kitu kizito, joto linabaki na maharage yanaiva yenyewe. Tulifundishwa shuleni. Somo hilo nililielewa, maana siku hiyo sikuulizwa swali.

Nikachukua kikapu cha sokoni, magazeti, shuka kuukuu na sweta langu la shule. Nikachemsha, nikazima, nikafunga. Kisha nikawa nafungua kuchungulia kama yanaiva. Nikifunga, wasiwasi unanishika, nafungua tena. Mchana yalikuwa magumu kama kokoto, na maji yake vuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Ikabidi niwashe gesi upya.

Tumetumia gesi nyingi kuliko jana. Sijamwambia Mama.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Kilichokosekana ni blanketi. Tunalo moja zito, la Baba. Yeye hurudi asubuhi na baridi ya ghala mwilini, akalala mpaka alasiri. Blanketi haliwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nimelichukua hivyo hivyo kabla hajarudi. Nikaizungushia sufuria, nikaiweka juu ya kitanda kwa sababu sakafu ni ya baridi, nikaenda bombani kuchota maji.

Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, Baba alikuwa ameshaingia. Alikuta blanketi lake limekunjwa vizuri, lina joto, akajitumbukiza bila kuuliza. Nilimkuta amelala, amekumbatia sufuria. Sijawahi kumwona na uso mtulivu vile.

Mchana maharage yameiva. Laini kabisa. Baba aliamka akasema leo amelala kama mtoto mchanga, akauliza kama blanketi limefuliwa.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimemweleza Baba ukweli. Nikamwambia mwili wa mtu mzima unatoa joto, na joto lake linapotea bure kila siku bila mtu kulitumia. Akauliza atapata nini. Nikasema atakula. Akasema kula alikuwa anakula tangu zamani.

Lakini amekubali, kwa sharti kwamba Mama asijue. Na mimi nikampa sharti langu: asigeuke. Hapo alikunja uso kidogo. "Mwanangu, nasimama getini usiku kucha sigeuki. Kulala ndiko kutanishinda?"

Mama amekula, ameonja tena, ameutikisa mtungi. Akasema "hm". Kwa Mama hiyo ni hotuba.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Baba hakugeuka. Maharage safi. Amechoka shingo.

Jirani wa chumba cha pili, tunayemwita Mama Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, ameniuliza mbona jiko letu limepoa siku hizi, au tumeacha kula. Nikamjibu. Hakusikia. Nikamjibu tena. Akaondoka akisema mtoto huyu naye, mdomo anao wa kulia chakula tu.

Imebaki kesho. Mama ameanza kusema "tukimpeleka" badala ya "tukishampeleka". Nimeisikia tofauti hiyo vizuri sana.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Baba amegeuka.

Anasema aliota mwizi anaruka ukuta wa ghala, akamrukia. Mwizi alikuwa sufuria. Mchuzi umeingia godoroni, maharage yameingia mpaka kwenye foronya. Hakuungua, nashukuru, maana yalishapoa kiasi. Mama alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni. Akamtazama Baba, akatazama kifuniko, akanitazama mimi. Kisha akaenda kukaa nje na mkoba wake mapajani, kama abiria.

Nimefua shuka, blanketi na foronya. Sabuni ya wiki mbili imekwisha. Mikono inauma. Baba ameenda kazini bila kulala na bila kula.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Tumelitoa godoro uani likauke. Doa liko katikati kabisa. Lingekuwa pembeni, mambo yangekuwa mengine.

Mama Redio akalizunguka, mikono kiunoni. Akasema, kwa upole uliosikika mpaka barabarani, kwamba mwanamume akifika umri fulani kibofu humtoroka, si aibu, ni ugonjwa, na yeye dawa anayo. Watu wakacheka. Fundi viatu akauliza kama ghalani wanampa Baba zamu ya kwenda chooni. Wakacheka zaidi.

Baba alikuwa dirishani. Jioni lazima apite uani hapo hapo na sare yake. Nikauona mkono wake unavuta pazia polepole.

Nikasema ni maharage. Hakuna aliyesikia. Basi nikapanda juu ya karai la kufulia, nikapiga kelele. Nikasema ni mchuzi wa maharage, nimeyaweka mimi kitandani kwa baba yangu yaive kwa joto lake, tunabana gesi, na asiyeamini aje anuse.

Fundi viatu akainama, akanusa, akatangaza kuwa ni maharage kweli na kitunguu kimo. Mama Redio akaniuliza, kwa sauti ndogo, kwanza yanachemshwa muda gani. Pazia likafunguka.

Ndipo nikasikia mtu anapiga makofi getini. Shangazi, na pochi yake kwapani. Alikuwa amesikia yote.

"Wifi, si uliniambia mtoto hana sauti? Nimemsikia tangu kule kona!"

Mama alinitazama. Sasa hakunitazama kama paa linalovuja. Nikafungua mdomo kukataa. Sauti ilikuwa imekwisha.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Kwa Shangazi. Jana Baba alinibebea begi mpaka hapa. Wakati wa kuagana akasema kitanda sasa kina baridi, akaondoka haraka.

Nimesimama mlangoni asubuhi nzima. Nimesema "ndoo". Mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Shangazi anasema sauti itarudi, labda nitukaniwe baba yangu kwanza.

Miguu inauma. Ila nimeona jambo. Shangazi anapenda maharage, na gesi yake inateketea vibaya sana, inasikitisha. Baada ya chakula cha mchana hulala nyuma ya duka, kati ya mabeseni, mpaka jioni. Leo nimekaa nikamtazama. Ni mnene kuliko Baba. Hageuki hata kidogo. Sufuria yake ina kifuniko kinachobana.

Nitamweleza kesho. Au nitangoja kwanza asinzie.