Programu ya Kudarizi Isipigishwe Hodi

Kwa Wifi Yangu Mheshimiwa,
Msimamizi wa Kompyuta Iliyoko Sebuleni Kwangu.

KUH: OMBI LA KURUHUSIWA KUFANYA KAZI

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili dada wa mume wangu, na ninatumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na simu yako ina chaji. Sisi huku hatujambo. Kompyuta nayo haijambo, ila haifanyi kitu mpaka useme wewe. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Nilitaka kuichapa barua hii kama watu waliosoma, lakini printa bado imo kwenye boksi lake, kwa kuwa kuiunganisha ni mabadiliko, na mabadiliko yana mwenyewe.

Kwanza nikushukuru. Ulipotuletea ile kompyuta nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Ulisema hutaki wifi yako adarizi kwa mkono mpaka macho yafe, na neno hilo sijalisahau. Mashine ya kudarizi nilinunua mimi, kompyuta ukatoa wewe, na zikiunganishwa zinashona nembo ya shule mpaka kwato za ng'ombe aliyechorwa zinaonekana. Kwa hiyo sina neno na zawadi. Neno langu ni kwamba zawadi ilikuja na ufunguo, na ufunguo ukarudi na wewe kwenye basi.

Sababu yako naijua. Kompyuta ya kwanza aliiua kaka yako. Kila kidirisha kilichojitokeza kumwambia ameshinda zawadi, alikibonyeza, na kila alipobonyeza alinigeukia akitabasamu. Wewe unayesimamia kompyuta za ofisi nzima ukaona uifunge hii kiofisi. Sawa kabisa. Sisemi mlinzi afukuzwe getini. Nasema mlinzi mwenye akili huwajua watu wa nyumba anayoilinda. Hivyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Programu ya kudarizi ilikuja na mashine yenyewe, kampuni iliyoitengeneza inajulikana, na wewe ndiye uliyeiweka humo kwa mikono yako. Inaishi humo ndani. Lakini kila nikiifungua, skrini inatiwa giza, kila kitu kinasimama, na naulizwa: "Je, unaruhusu programu hii ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako?" Wifi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe analo, analima tangu asubuhi, na bado anapigishwa hodi kwake mwenyewe. Nami nikiitikia karibu, karibu yangu haikubaliki. Inasema kompyuta ni "yako", halafu inataka nywila ya mtu mwingine.

2. Huyo mtu mwingine ni wewe, na jina ulilojiandika ni "Dada Mkubwa". Silipingi, kwa kuwa ni kweli. Ila pamoja na jina hutokea picha yako, ile ya miwani ya jua, umeshika kiuno. Kila asubuhi, kabla sijagusa uzi, nakukuta umesimama katikati ya sebule yangu na kiuno umeshika. Paka alikuwa analala juu ya meza ile. Sasa analala jikoni.

3. Utaratibu wa kupata nywila. Ulisema nywila haiwezi kutajwa kwa mtu yeyote isipokuwa kaka yako. Kwa hiyo ili nidarizi mfuko mmoja wa sweta, inabidi kwanza kaka yako, ambaye unajua fika kwamba ni dereva wa gari la mikate na kutwa yuko barabarani, apatikane nyumbani. Pili, wewe upatikane hewani. Tatu, umtajie sikioni herufi moja moja, naye azibonyeze kwa vile vidole vyake vinavyobonyeza mbili mbili. Nne, mimi niliyelipa umeme nisimame nimeelekea pazia, nisione. Lile pazia nalijua sasa, wifi. Lina maua ya zambarau na sehemu moja limeungwa vibaya, na aliyeliunga ni mimi.

Akishamaliza anasahau. Nimemuuliza kwa upole, nimemuuliza kwa ukali, nimemuuliza akiwa amelala. Anasema amekuapia. Umeme ukikatika kidogo tu, tunarudi kwenye pazia.

4. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana hapa sifanyi mzaha. Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea iliyoko mtaa wa pili amenipa kazi ya sweta za shule nzima. Siyo vitambaa vya meza vya majirani wanaosema watalipa. Ni shule nzima, na wakiridhika watanipa na aproni za wapishi. Alikuja mwenyewe kuona nembo ya kwanza ikishonwa. Nilimkalisha kwenye kochi, nikampa chai, nikafungua programu, ukatokea. Nikakupigia, ukasema uko kikaoni. Nikampigia kaka yako, akasema yuko kwenye foleni na mikate. Nikakupigia tena, nikasikia mashine ya kukaushia nywele, nikajua kikao chenyewe. Mwalimu akavaa miwani, akasoma skrini kwa sauti ile ya kusomea watoto, neno kwa neno, kisha akaniuliza: huyu Dada Mkubwa ndiye mwenye ofisi? Na wewe ni msaidizi wake?

Nikasema ndiyo, nikatabasamu. Alipotoka nikaenda bafuni nikalia, na kilio hicho hakikuwa na kejeli hata chembe. Amenipa mpaka Ijumaa. Nisipompa sweta Ijumaa anazipeleka kwa fundi wa sokoni, yule anayeshona ng'ombe wa miguu mitatu.

5. Wakati huohuo, mchezo wa karata wa kaka yako unafunguka wenyewe. Hauulizwi. Hauna haja hata ya kugonga. Nimeelezwa kwamba karata hazibadilishi kitu ndani ya kompyuta, ndiyo maana zinaachwa. Nami nakubali kwamba kaka yako akishakaa pale hakuna kitu kinachobadilika. Lakini jamani, kinachotulisha kikiulizwa kila siku kimetoka wapi, na kinachotupotezea muda kikipita kama mtoto wa nyumbani, huo usalama ni wa nani?

6. Baada ya kutafakari sana niliona labda kosa ni langu. Labda wewe ndiye uliye sahihi, na mimi ndiye ninayefanya mabadiliko ovyo ovyo. Nikaamua kuupanua utaratibu wako uguse nyumba nzima. Mtoto aliyetaka kuhama kiti mezani nilimwambia asubiri nikuulize. Kaka yako alitaka chumvi zaidi kwenye mchuzi. Nilimweleza kwamba mchuzi ulishapikwa, na kuongeza chumvi ni kuubadilisha. Umeona ujumbe wangu kuhusu chumvi, na hukujibu. Alikula hivyohivyo, na mimi nilimhurumia, lakini sheria ni sheria.

Juzi koki ya jikoni ilikatika. Kaka yako akakimbilia mfereji mkuu afunge maji. Nikamzuia kwa adabu. Maji yalikuwa wazi. Kuyafunga ni mabadiliko. Tukakupigia, tukaambiwa mteja hapatikani. Basi tukakaa kochini, tumenyanyua miguu, tukikungoja. Maji hayana adabu ya kumngoja mtu. Yalipita ukumbini yakaingia chumba cha wageni, yakalowesha lile godoro unalolalia ukija. Na kwa kuwa kulianika nako ni kulihamisha, bado liko palepale. Limeanza kunuka.

7. Mwisho, nimemchunguza kaka yako kwa vigezo vyako vya programu ya kuaminika. Mtengenezaji wake anajulikana: ni mama mkwe, na hakuna wa kumtilia shaka. Ila anachelewa kuwaka, anakula nafasi kubwa, na ukimpa kazi mbili kwa mpigo anaganda. Nilipomwomba akuambie ukweli kwamba mkewe anadhalilika, alisema nisimgombanishe na dada yake, akafungua karata. Wifi, nimeolewa na huyu mtu, nampenda, lakini naona anaendeshwa kwa nywila yako.

Kwa hayo yote, ombi langu ni dogo. Fundi wa kompyuta wa hapa mtaani ameniambia kwamba ipo njia. Msimamizi anaingia kwa jina lake, anaipa programu moja tu ruhusa ya kudumu, anaitengenezea njia yake ya mkato, na tangu hapo hiyo moja inapita kimya kimya huku nyingine zote zikiendelea kuulizwa kama kawaida. Mlinzi anabaki getini kwake. Nilimwomba fundi anifanyie. Akashika kipanya, ikatokea picha yako, akaachia kipanya. Akasema mambo ya familia yeye hayaingilii.

Basi fanya hivyo wewe. Ukiona kuniamini ni kugumu, njoo uhamie, kiti chako nimeshakiweka kando ya kompyuta, ubonyeze mwenyewe nikishona, na godoro unalijua lilipo. Na ukiona hata hilo gumu, njoo uichukue kompyuta yako, na kaka yako mchukue palepale, maana naona vyote viwili mlinipa kwa kuazima. Mimi nitarudi kwenye sindano. Sindano haijawahi kuniuliza mimi ni nani.

Nategemea jibu lako kabla ya Ijumaa. Nabaki kuwa wifi yako mtiifu, mtumiaji wa kawaida, ninayekuandikia nikiwa nimeelekea pazia.

Msalimie mama mkwe na umwambie dawa ya miguu nimeipata. Wasalimie watoto, wasalimie wenzako wote wa ofisini ambao kompyuta zao nazo unazishikia funguo, na yule dada wa saluni naye msalimie, nimemsikia sana kwenye simu.

Wako katika ukoo,
Mke wa Kaka Yako

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, kaka yako akaingia na habari. Kumbe amekupigia akiwa njiani na amekuambia yote, mpaka la bafuni, na wewe umesema unakuja kesho kwa basi la kwanza kuipa programu ruhusa ya kudumu, na nywila utaniachia mimi mkononi. Wifi, Mungu akupe maisha marefu! Kumbe una roho nzuri hivi, na mimi nilikuwa nakusema. Malalamiko yangu yote saba yahesabu kama hayakuandikwa. Godoro nimelianika juani.

Ila ukija, jipange tukae kidogo faragha, unielekeze pole pole jinsi ulivyoifunga hiyo kompyuta tangu mwanzo, hasa pale unapomfanya mtu aulizwe hata kwa jambo dogo, na pale nywila inapokataa kuonekana. Mdogo wangu wa kiume anaoa mwezi ujao, na nimeona zawadi nzuri ya kuwapa ni kompyuta. Ruhusa nitazishika mimi. Bibi harusi ni binti mzuri, sina neno naye, ana cherehani yake na anajua kazi. Lakini ndiyo kwanza anaingia kwetu, na wewe unajua kuliko mimi, wifi yangu: samaki mkunje angali mbichi.